Sir Joseph Bazalgette: Mhandisi aliyeitwa baada ya uvundo kuingia bungeni

JUNI 1858, wabunge wa Uingereza walikuwa wakiingia katika jengo lao jipya kando ya mto Thames huku wameziba pua kwa leso. Joto lilikuwa kali kuliko ilivyozoeleka katika nchi ile ya ukungu, na mto uliokuwa umepungua maji ulikuwa umegeuka shimo la choo lisilo na mfuniko, lililolala katikati ya jiji kubwa kuliko yote duniani wakati huo.

Mapazia ya madirisha yalilowekwa katika maji ya chokaa yenye klorini ili kuizuia harufu isiingie ndani. Haikuzuilika. Goldsworthy Gurney, mtaalamu aliyekuwa na dhamana ya hewa ndani ya jengo hilo, alimwandikia Spika kumjulisha kwamba hangeweza tena kubeba dhamana ya afya za waheshimiwa. Waziri wa Fedha, Benjamin Disraeli, alionekana akitoka haraka katika chumba kimoja cha kamati, mkono mmoja umekumbatia makaratasi, mwingine umebana leso puani.

Magazeti ya London yaliupa msimu huo jina la Uvundo Mkuu. Julai 15, Disraeli aliwasilisha muswada wa kuusafisha mto. Agosti 2, muswada huo ulikuwa tayari ni sheria. Ni siku 18 tu, kwa jambo ambalo serikali, mabaraza na tume za kila aina zilikuwa zimelizungusha kwa zaidi ya miaka kumi.

Katika miaka hiyo ya mzunguko, kipindupindu kilikuwa kimeua watu 6,536 jijini humo mwaka 1831 na 1832, kikarudi mwaka 1848 na 1849 na kuua 14,137, kisha kikarudi tena mwaka 1853 na 1854 na kuchukua wengine 10,738. Wengi wao walikuwa maskini wa mitaa ya Lambeth, Southwark na mashariki mwa jiji. Vifo hivyo vyote havikulisukuma Bunge kama lilivyosukumwa na wiki chache za harufu mbaya ndani ya ukumbi wake lenyewe.

Mtu aliyekabidhiwa kazi alikuwa mhandisi mwenye umri wa miaka 39, mwembamba, wa kimo kifupi kuliko wenzake, mwenye afya isiyotabirika. Jina lake Joseph William Bazalgette. Michoro yake ilikuwa mezani tangu miaka miwili nyuma, na ilikuwa imekwisha kukataliwa.

Bazalgette alizaliwa Machi 28, 1819 huko Enfield, kaskazini mwa London. Jina lake la ukoo lilitoka Ufaransa pamoja na babu yake, fundi cherehani aliyehamia London na kutajirika kwa kumshonea nguo Mwanamfalme wa Wales, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Kijana mwenyewe hakwenda baharini wala hakushika sindano; alipelekwa kujifunza uhandisi chini ya Sir John MacNeill, na kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kukausha ardhi chepechepe huko Ireland. Hapo ndipo alipojifunza tabia ya maji: yanakokimbilia, yanapokwama, na mteremko mdogo kiasi gani unatosha kuyasogeza.

Mwaka 1842 alifungua ofisi yake London. Miaka ile ilikuwa ya homa ya reli, kila mwenye akiba akinunua hisa za njia ambazo nyingine hazikujengwa kamwe, na wahandisi wakifanya kazi usiku na mchana kuandaa ramani za kupeleka bungeni. Bazalgette alijitosa humo hadi mwili ukagoma. Mwaka 1847 alianguka kwa uchovu wa akili, akalazimika kuiacha kazi na kukaa mashambani hadi aliporejewa na nguvu. Wakati huo alikuwa na mke, Maria, aliyemuoa mwaka 1845 na ambaye hatimaye alimzalia watoto 11.

Alipopona aliomba nafasi ya upimaji msaidizi katika Tume ya Majitaka ya Jiji. Aliipata mwaka 1849, katikati ya mlipuko wa pili wa kipindupindu.

Ili kuelewa alichokikuta, yafaa kurudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi kinyesi cha London hakikwenda mtoni. Nyumba zilikuwa na mashimo, na wapo watu waliolipwa kuyatapisha usiku na kupeleka mzigo wao mashambani kama mbolea. Mfumo huo ulinuka, lakini ulifanya kazi. Ulianza kuvunjika jiji lilipopanuka na mashamba yakawa mbali, na ukavunjika zaidi mbolea ya ndege wa baharini kutoka Amerika Kusini ilipoanza kuingia kwa bei nafuu katika miaka ya 1840. Kisha wenye uwezo wakaanza kuweka vyoo vya kuvuta maji. Choo cha aina hiyo ni kizuri kwa mwenye nyumba, lakini kinaongeza maji mengi katika shimo ambalo halikuchimbwa kwa ajili ya maji.

Hapo ndipo mwanasiasa wa afya Edwin Chadwick alipoingia na dawa iliyozidisha ugonjwa. Chadwick, mtu mwenye nia njema na kiburi kingi, aliamini kama walivyoamini karibu wataalamu wote wa wakati wake kwamba maradhi huletwa na hewa chafu. Kwa hoja hiyo, uchafu ukiondolewa chini ya nyumba, watu watapona. Kuanzia mwaka 1848 mashimo yakaamriwa yafungwe, nyumba ziunganishwe na mitaro ya mvua, na mitaro isafishwe kwa kuisukumia yote mtoni. Mto huohuo ndio uliokuwa chanzo cha maji ya kunywa ya maelfu ya familia, kwa kuwa makampuni kadhaa ya maji yalichota humo humo. Kwa sera iliyoitwa ya afya, London ilianza kunywa kinyesi chake.

Thames, ikumbukwe, ni mto unaofuata bahari. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ilivyo Pangani au Rufiji. Kilichotupwa wakati wa kupwa hakikwenda mbali. Kilirudi na maji ya kujaa, kikapita tena mbele ya madirisha yaleyale. Mwaka 1855 mwanasayansi Michael Faraday, akiwa ndani ya boti, aliangusha vipande vya karatasi nyeupe mtoni ili apime uchafu, na akaripoti katika gazeti la The Times kwamba vilipotea machoni kabla havijazama hata kidogo.

Tume aliyojiunga nayo Bazalgette haikuwa na fedha wala utulivu. Kati ya mwaka 1848 na 1855 ziliundwa na kuvunjwa tume sita. Wananchi walialikwa kuleta mipango, ikaja zaidi ya mia moja, mingine ya maana na mingine ya kuchekesha, na kijana huyo mpimaji ndiye aliyepewa kuichambua. Mhandisi mkuu, Frank Foster, alifariki mwaka 1852, na wenzake walisema wazi kwamba kazi na fitina ndizo zilizomuua. Bazalgette alishika nafasi yake.

Mwaka 1855 Bunge likapitisha sheria ya kuunda chombo kipya, Bodi ya Kazi za Jiji, na Januari 1856 Bazalgette akateuliwa kuwa mhandisi wake mkuu. Miongoni mwa waliomdhamini katika maombi hayo walikuwa Robert Stephenson na Isambard Kingdom Brunel, majina ambayo katika uhandisi wa Uingereza hakuna yaliyoyazidi. Mwenyekiti wa Bodi, John Thwaites, alikuwa mtu wa vitendo na walielewana.

Mpango wa Bazalgette haukuwa ndoto ya mtu mmoja. Wengi kabla yake walikwisha kufikiria kuchimba mifereji mikuu sambamba na mto, ili kuyakinga majitaka kabla hayajaufikia. Alichofanya yeye ni kulipigia hesabu wazo hilo hadi likajengeka. Mito midogo na mitaro yote ya London iliteremka kuelekea Thames, kutoka kaskazini na kutoka kusini. Yeye angeikata kwa mifereji ya kuelekea mashariki, katika ngazi tatu upande wa kaskazini kulingana na mwinuko wa ardhi, na mingine upande wa kusini. Majitaka yangetiririka kwa mteremko wake yenyewe, futi mbili tu kwa kila maili, na pale ambapo ardhi ilikuwa chini mno yangeinuliwa kwa pampu za mvuke. Mwisho wa safari ungekuwa Beckton upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini, mbali na nyumba za waheshimiwa, ambako yangehifadhiwa na kuachiwa maji yanapoanza kupwa ili bahari iyachukue.

Tatizo halikuwa michoro. Sheria ya mwaka 1855 ilimpa waziri mhusika, Sir Benjamin Hall, mamlaka ya kuikataa, na aliikataa, kwa hoja kwamba mahali pa kutolea majitaka palikuwa karibu mno. Jopo la wahandisi watatu likateuliwa, likaja na mpango wa kuyapeleka mbali zaidi kwa gharama kubwa zaidi. Bodi ikauliza nani atalipa ziada hiyo. Serikali ikasema ni mzigo wa jiji. Bodi ikasema haiwezi. Barua zilikwenda na kurudi kwa miaka miwili. Hakuna kilichochimbwa.

Joto la 1858 ndilo lililoamua. Serikali ya Lord Derby ilikuwa ya Wahafidhina wasio na wingi wa kutosha bungeni, ikikalia kiti kilicholegea, na Disraeli alikuwa na jicho la kuona jambo ambalo pande zote zingelikubali. Sheria yake iliiruhusu Bodi kukopa pauni milioni 3 kwa dhamana ya Hazina, mkopo ulipwe kwa kodi ya majengo ya pensi 3 kwa kila pauni kwa muda wa miaka 40, na muhimu kuliko yote, iliondoa mamlaka ya waziri kuikwamisha michoro. Kwa Wahafidhina waliokuwa wakihubiri kila siku kwamba serikali isiingilie mambo ya watu, hilo lilikuwa geuko kubwa. Falsafa ya kisiasa, inaonekana, nayo ina pua.

Siku hiyohiyo ya Agosti 2, sheria nyingine ilipata saini ya Malkia Victoria: ile iliyoiondoa India mikononi mwa Kampuni ya Mashariki ya India na kuiweka chini ya Taji. Ni kutoka delta ya Ganges, kwa njia za biashara na majeshi ya himaya hiyo, kipindupindu kilikuwa kimesafiri hadi Ulaya.

Na yupo mtu ambaye hakuiona siku hiyo. Daktari John Snow, aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad Street kilitoka katika maji ya pampu moja, alifariki Juni 16, 1858, uvundo ukiwa katika kilele chake. Wakubwa wa tiba walikuwa bado hawajamkubalia. Bazalgette mwenyewe, Disraeli na Bunge zima walijenga mifereji ile ili kuondoa harufu, wakiamini harufu ndiyo inayoua. Waliondoa harufu, na pamoja nayo wakaondoa kinyesi katika maji. Ni mara chache katika historia ya utawala bora hoja potofu imezaa jawabu sahihi kiasi hicho.

Uchimbaji ulianza mwaka 1859. Kufikia mwisho wake, ulikuwa umetoa takriban kilomita 132 za mifereji mikuu na zaidi ya kilomita 1,700 za mifereji ya mitaani, kwa matofali ya kuchoma yapatayo milioni 318. Mahitaji ya matofali na waashi yalikuwa makubwa kiasi cha kupandisha ujira wa waashi jijini kote. Mifereji mingi ilipewa umbo la yai, ncha nyembamba ikiwa chini, ili hata maji yakiwa machache yakimbie kwa kasi na kuuburuta uchafu badala ya kuuacha umelala.

Hapa ndipo tabia ya Bazalgette inapoonekana vizuri kuliko katika hotuba yoyote. Aliamua kutumia saruji ya Portland, ambayo wakati huo haikuwa imejaribiwa katika kazi kubwa ya namna hiyo. Saruji hiyo huwa ngumu zaidi ndani ya maji, lakini ikitengenezwa vibaya haifai kitu. Kwa hiyo aliweka masharti ambayo makandarasi hawakuyapenda: kila shehena ipimwe uzito, itengenezwe vipande vya mfano, vilowekwe, kisha vivutwe kwa mashine hadi vikatike, na shehena isiyofikia kiwango irudishwe. Makandarasi walinung'unika. Vipimo havikulegezwa. Mifereji hiyo imebeba uchafu wa London kwa zaidi ya miaka 150.

Alipanga pia kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa. London ilikuwa na wakazi wapatao milioni mbili na nusu. Yeye alipiga hesabu ya zaidi ya milioni tatu, akaongeza nafasi ya mvua juu yake. Wapo waliomwona mfujaji wa fedha za walipa kodi. Kwa kweli hata hesabu hiyo ilipitwa kabla hajafa.

Aprili 4, 1865, Mwanamfalme wa Wales alikwenda Crossness kuziwasha pampu. Jengo lile lilinakshiwa ndani kwa vyuma vilivyopakwa rangi kama kanisa, na injini zake nne kubwa, kutoka kiwanda cha James Watt, zilipewa majina ya familia ya kifalme: Victoria, Prince Consort, Albert Edward na Alexandra. Wageni waheshimiwa walikula chakula cha mchana huku majitaka ya nusu ya jiji yakiwa yamehifadhiwa karibu nao. Huenda ndiyo karamu pekee ya aina yake katika kumbukumbu za ufalme huo.

Lakini sherehe ilitangulia kazi. Mashariki mwa London, kwa watu wa viwandani na bandarini, mifereji haikuwa imeunganishwa, kwani kituo cha pampu cha Abbey Mills kilikuwa bado kinajengwa. Mwaka 1866 kipindupindu kiliingia hukohuko na kuua watu 5,596. Mtaalamu wa takwimu William Farr, aliyekuwa zamani muumini wa hewa chafu, safari hii aliifuata namba hadi ikamfikisha katika maji yasiyochujwa ya kampuni iliyohudumia eneo hilo. Mitaa iliyokwisha kuunganishwa iliathirika kidogo tu. Ushahidi ulikuwa mchungu na wa wazi. Abbey Mills ilifunguliwa mwaka 1868, na London haikupata tena mlipuko mkubwa wa kipindupindu.

Maambukizi yale ya miaka ya 1860 hayakuishia Ulaya. Yaliendelea kusambaa kupitia Uarabuni na bahari ya Shamu, yakashuka na misafara ya bara hadi Pangani, na mwishoni mwa 1869 yakaingia Unguja. Daktari Mskoti aliyekuwa akiwatibu watu wa kasri ya Sultani, James Christie, aliifuatilia njia hiyo kwa kuwahoji wafanyabiashara wa misafara, na kitabu chake cha mwaka 1876 bado husomwa na wanaochunguza historia ya maradhi katika pwani hii. Unguja haikuwa na Bazalgette, wala mkopo wa pauni milioni 3.

Sehemu ya kazi yake inayoonekana kwa macho ni kuta za mto. Thames ya zamani ilikuwa na fukwe za matope zilizotandaa hadi kwenye magati na maghala. Bazalgette aliubana mto kwa kuta za mawe na kuchukua ekari 52 za ardhi mpya: Albert Embankment iliyokamilika mwaka 1869, Victoria Embankment mwaka 1870 na Chelsea Embankment mwaka 1874. Chini ya ile ya Victoria alipanga vitu kwa tabaka kama mtu apangaye sanduku la safari: mfereji mkuu wa majitaka, njia ya mabomba ya gesi, na reli ya chini ya ardhi, huku juu kukiwa na barabara pana na bustani. Waziri Mkuu William Gladstone alitaka sehemu ya ardhi hiyo ijengwe ofisi ili serikali ipate kodi ya pango. Wananchi wakiongozwa na muuza magazeti aliyekuwa mbunge, W. H. Smith, walipinga, na bustani zikabaki.

Sifa hizo zote zina upande wa pili, na mwandishi wa maisha ya mtu huyu akiuficha atakuwa anaandika tangazo. Bazalgette hakusafisha majitaka. Aliyahamisha. Kinyesi kilichokuwa kikielea mbele ya Bunge sasa kilikuwa kikimwagwa kikiwa kibichi mbele ya wakazi wa Barking na vijiji vya chini ya mto, watu wasio na madirisha yanayotazama ukumbi wa Bunge. Walilalamika mapema. Mwaka 1877 Kapteni Calver, aliyetumwa na mamlaka ya mto, aliandika kwamba matope mapya yaliyojazana karibu na matundu hayo yalitokana na majitaka. Bodi ilikanusha, na Bazalgette alitumia ujuzi wake wote kutetea kwamba matope hayo yalikuwa ya asili.

Jioni ya Septemba 3, 1878, meli ya abiria Princess Alice iliyokuwa ikirudi na watu kutoka matembezini iligongwa na meli ya makaa, Bywell Castle, mahali hapohapo. Ilikatika na kuzama kwa dakika chache. Zaidi ya watu 600 walikufa. Saa moja hivi kabla ya ajali, majitaka ya jiji yalikuwa yameachiliwa mtoni. Waliookolewa walieleza ladha na harufu ya maji yale, na baadhi yao walikufa siku zilizofuata.

Hata hapo serikali haikukimbia. Tume ya kifalme iliundwa mwaka 1882 na mwaka 1884 ikahitimisha kuwa umwagaji wa majitaka mabichi ukome. Tope likaanza kutenganishwa kwa kemikali na kubebwa kwa meli hadi baharini. Meli ya kwanza ya kazi hiyo, mwaka 1887, ilipewa jina la Bazalgette. Kama ilikuwa heshima au kijembe, kila msomaji ataamua. Utupaji huo katika Bahari ya Kaskazini uliendelea hadi mwaka 1998, ulipokomeshwa kwa agizo la Umoja wa Ulaya.

Urithi mwingine mgumu ni kwamba mfumo wake ulichanganya maji ya mvua na ya vyooni katika mfereji mmoja. Mvua kubwa ikinyesha, ziada sharti itoke mahali, la sivyo itarudi vyooni. Kwa hiyo aliacha matundu ya dharura kando ya mto. Kwa idadi ya watu ya wakati wake, dharura ilikuwa dharura. London ilipofikia watu milioni nane, na bustani zikafunikwa kwa zege, matundu hayo yakawa yakimwaga makumi ya mamilioni ya tani kwa mwaka. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya iliikuta Uingereza na hatia ya kuvunja sheria ya majitaka.

Kati ya Bazalgette na hukumu hiyo kuna uamuzi wa kisiasa ambao Waingereza bado wanaubishania. Mwaka 1989 serikali ya Margaret Thatcher iliyauza mashirika ya maji ya England na Wales kwa watu binafsi, baada ya kuyafutia madeni. Hoja ilikuwa kwamba mtaji binafsi ungeleta uwekezaji ambao Hazina haikutaka kuubeba. Uwekezaji ulikuja kiasi. Madeni yalikuja zaidi, na gawio kwa wenye hisa halikukosa. Oktoba 20, 2021, wabunge walipiga kura 268 dhidi ya 204 kukataa pendekezo la Baraza la Malodi, lililoletwa na Duke wa Wellington, la kuyabana makampuni kupunguza umwagaji. Hasira za wananchi zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ya Boris Johnson ililegeza msimamo ndani ya siku chache. Mwaka 2023 matundu ya England yalimwaga majitaka kwa jumla ya saa zaidi ya milioni 3.6. Mei 2025 mdhibiti aliitoza Thames Water, kampuni inayohudumia London, faini ya pauni milioni 122.7.

Bazalgette alikopa kwa dhamana ya umma, akajenga, na wenye majengo wakalipa kidogo kidogo hadi deni likaisha. Nani asemaye kuwa njia hiyo ilikuwa ya kizamani ana kazi ya kuonyesha iliyo bora. Jawabu la uhandisi lilipatikana hatimaye kwa namna ambayo yeye angeitambua mara moja: handaki la kilomita 25 chini ya mto, kutoka Acton hadi Abbey Mills yake mwenyewe, lililoanza kujengwa mwaka 2016 na kuunganishwa lote Februari 2025 kwa zaidi ya pauni bilioni 4. Kazi ya handaki hilo ni ileile ya mwaka 1859, kuyakinga majitaka kabla hayajaufikia mto.

Miaka yake ya mwisho kazini alijenga upya madaraja ya Putney, Hammersmith na Battersea, na kivuko cha bure cha Woolwich kilichoanza mwaka 1889. Alikuwa amepewa hadhi ya Sir katika miaka ya 1870, na mwaka 1884 aliongoza taasisi ya wahandisi wa nchi yake. Bodi aliyoitumikia kwa miaka 33 haikumaliza vizuri. Baadhi ya maofisa wake walibainika kula rushwa katika ugawaji wa viwanja, uchunguzi ukafanyika, na mwaka 1889 ikavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na baraza la kuchaguliwa na wananchi. Uchunguzi huo haukumgusa Bazalgette. Alistaafu mwaka huohuo.

Ukoo wake haujapotea. Kilembwe wake, Peter Bazalgette, ndiye aliyewaletea Waingereza kipindi cha televisheni cha Big Brother, na wenye ulimi mkali wa London walipata la kusema: babu aliutoa uchafu majumbani, mjukuu ameurudisha.

Sir Joseph Bazalgette alifariki nyumbani kwake Wimbledon Machi 15, 1891, akiwa na umri wa miaka 71, na akazikwa katika kanisa la St Mary's hapohapo. Sanamu ndogo ya kichwa chake imewekwa kwenye ukuta wa Victoria Embankment, na wengi hupita kwa magari bila kuiona. Mwaka uliofuata kifo chake kipindupindu kiliingia Hamburg, bandari ya Ujerumani iliyokuwa ikinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na katika wiki chache kiliua watu zaidi ya 8,000. Meli kutoka Hamburg ziliendelea kutia nanga London msimu huo. Ugonjwa haukuenea.